Mtambo ulichukua kazi ya Gati, naye akauokoa

Saa mbili asubuhi, Gati Nyangwine amesimama kando ya mtambo wa kuchambua mawe ya dhahabu, Nyamwaga wilayani Tarime. Mawe yanapita kwenye mkanda yakimwagiwa maji, kamera inayakagua moja moja, na upepo mkali unayatupa pembeni yasiyo na kitu. Gati anayatazama mikono kiunoni, kama mwenye mali.

Miezi mitano iliyopita hakuutaka hata kuuona. Mama huyu wa watoto wanne alikuwa mmoja wa wanawake sita waliochambua mawe kwa mikono kabla ya kusagwa kwenye karasha, kwa Sh5,000 kwa siku. Mtambo ulipofika, watano walirudishwa nyumbani. Gati akabakizwa kufagia.

"Niliuchukia, nisikudanganye," anasema. "Lakini Mzee Mseti, mwenye mgodi, alisema ukilipa ataongeza zamu na kuwarudisha wenzangu. Sasa ningeuombea mabaya vipi?"

Haukulipa. Mwezi wa kwanza dhahabu ilipungua, na Mseti akaanza kuzungumzia kuurudisha ulikotoka.

Siku moja Gati akifagia aliokota jiwe kwenye lundo la yaliyotupwa. Lilikuwa limegandwa na tope jekundu. Akafanya alivyozoea kwa miaka kumi na tisa: akalifuta kwa kiganja, akalilamba. Mshipa mweupe ukajitokeza, una punje zinazong'aa.

Akampelekea Okumu, fundi kijana wa mtambo.

"Mura, kijana wangu, huu mtambo wako unasoma mawe machafu," alimwambia. "Sisi jiwe la tope hatulisomi. Tunalilowesha kwanza."

"Nilicheka," Okumu anakiri. "Kisha nikaosha mawe ishirini ya lundo lile. Kumi na moja yalikuwa na dhahabu. Kicheko kikaniishia."

Wakafunga bomba la maji juu ya mkanda. Sasa katika kila tani kumi, nne tu ndizo zinazokwenda karasha, na dhahabu imezidi ile ya enzi za mikono. Gati ndiye anayeuendesha mtambo, kwa ujira mara mbili ya ule wa zamani.

Lakini furaha yake hasa ni ya Jumatatu ijayo. Mseti ametimiza neno lake: zamu ya pili inaanza, na wanaoajiriwa ni wale watano.

"Nilikwenda kuwaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mmoja wao, Agustina, alilia, na mimi nikalia," anasema. "Nitawafundisha wote. Nimeshawaambia wafunge nywele, khanga waache nyumbani. Ule mkanda haujui kwamba wewe ni mama wa mtu."