Spika ya Mama Koku

Jamani, nimeumbuka hapa Nyakato, na sijui nitamtazamaje tena jirani yangu Mama Koku.

Aliazima spika yangu. Aliponirudishia, nikaiunganisha na kompyuta kwa bluetooth nisikilize kwaya. Sauti ikaja imefifia, kama waimbaji wamefunikwa blanketi. Nikaongeza besi, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Wapi! Nikakumbuka kwamba yeye ana spika kama yangu, na siku ile anaazima yake ilikuwa kwa fundi. Basi huyu mama kanibadilishia, kaniletea bovu lake!

Nikaenda kwake mbiombio. Sebuleni walijaa wageni kutoka Bukoba, wamekuja kumposa binti yake, Koku. Juu ya kabati spika ilikuwa inanguruma kwaya ileile.

“Shikamooni wazee. Mama Koku, nipe spika yangu! Hata wimbo ni wangu!”

Wazee wakatazamana. Koku akainuka taratibu.

“Anti, spika ni yetu, wimbo ndio wako. Kwenye kompyuta zinaonekana kwa jina moja, umechagua yetu. Kila tukipunguza sauti tusali, wewe unapandisha. Kwani ya kwako umeiwasha?”

Sikuwa nimeiwasha.