Makofi ya Ijumaa

Masika ile mlima uliporomoka ukabomoa madarasa yetu mawili. Nilikuwa nimehamia kutoka Tanga mjini kuja kufundisha shule ya msingi huku juu, upande wa Magamba, na bado nilikuwa nalala na sweta na soksi. Ashukuriwe Mungu, ilikuwa Jumapili na hapakuwa na mtoto shuleni. Nilipofika, tope lilikuwa limejaa darasani kwangu mpaka usawa wa ubao.

Wazee wa kanisa la Kilutheri la jirani wakatupa ukumbi. Darasa la pili, ambalo lilikuwa langu, likakaa upande mmoja na darasa la nne upande mwingine, katikati tukatundika kanga. Nikiwauliza wangu herufi, wenzao wanaimba kuzidisha, basi wangu nao wananijibu, "Ishirini na nne!"

Mwalimu mkuu wetu, mama wa makamo, mzaliwa wa hukohuko, alituita walimu.

"Tukikaa kutaja vilivyobomoka tutalia mpaka Krismasi," alisema. "Kila Ijumaa kabla ya kufunga, kila darasa lilete jambo moja lililokwenda vizuri. Tutalipigia makofi."

"Na kama halipo?" nikauliza.

"Lipo. Litafute."

Ijumaa ya kwanza nilikosa la kusema, nikawaachia watoto. Akasimama mmoja, mikono nyuma, akatangaza, "Leo mwalimu wetu hajapiga chafya." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana mafua yalikuwa hayajaniacha tangu nifike. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Hilo ni jambo kubwa," alisema. "Makofi ya kilo!"

Wakanipigia. Nilirudi nyumbani nimechangamka.

Katika darasa langu kulikuwa na binti aliyelelewa na bibi yake. Nyumbani kwao ni Kishambaa tu, na siku moja wenzake walimcheka alipokosea Kiswahili, akafunga mdomo moja kwa moja. Nikawa nakaa naye kwenye ngazi za kanisa wakati wa mapumziko, tunasoma kwa kunong'ona, mimi mstari, yeye mstari.

Ijumaa moja wazazi walikuwa nje wanabeba mawe ya msingi wa madarasa mapya. Nikauliza nani ana jambo la wiki. Mkono wake ukapanda. Akaja mbele na kitabu, akaanza kusoma habari za kuku na vifaranga vyake. Alikwenda vizuri mpaka akafika kwenye "walinyang'anyana". Akakwama. Darasa la nne wakachungulia juu ya kanga, midomo inawawasha kumsaidia. Nikawatolea macho. Akavuta pumzi, akalivunja neno vipande vipande, akalivuka, akamaliza ukurasa.

Makofi hayakusubiri ruhusa. Mara tukasikia kigelegele dirishani, na bibi yake akaingia na tope mpaka magotini.

"Ni huyu wangu? Ni huyu anasoma hivyo?"

"Shikamoo bibi," nikamwamkia. "Ndiye."

"Marahaba mwanangu." Akamkumbatia mjukuu, akamchafua sare yote. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Na sisi huko nje msingi tumeumaliza leo. Sisi hatupigiwi?"

Mwalimu mkuu akawatoa watoto wote nje. Wazazi walisimama na majembe yao, wengine wakiangalia chini kwa haya, watoto wakawapigia mpaka viganja vikawa vyekundu. Baba mmoja aliyekuwa mkali kama pilipili alijifuta uso kwa kofia, akadai ni jasho.

Tangu siku hiyo zamu ya ujenzi iliyogombewa ilikuwa ya Ijumaa. Vuli ilipoanza tulikuwa tumeshaezeka, na mvua ikatukuta ndani ya madarasa mapya, rangi bado inanuka.

Yule binti sasa yuko darasa la sita. Juzi mwalimu wake wa darasa alinifuata ofisini kunilalamikia kwamba anaongea mno. Nilimpa pole, nikageukia dirisha nicheke vizuri.