Nilimtoa Mkwe Nje kwa Sababu ya Fa

Nilimfukuza baba mkwe wangu kwenye mazoezi ya kwaya kabla hata hajawa baba mkwe wangu.

Tulieni, nawapa mkasa mzima.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mchumba wangu, mpima ardhi, aliimba sauti ya pili, na baba yake, seremala mwenye kifua kama kabati, alisimama nyuma yake katika sauti hiyo hiyo. Mzee alikuwa hajanikubali bado. Kila tukikutana aliuliza kama kupunga mikono nako ni kazi.

Siku hiyo nilifundisha umbali kati ya noti. Nikawaambia noti unayoanzia nayo inahesabiwa. Sauti ya kwanza ishike do, ya pili ipande hadi noti ya tatu.

Hapo jibu ni mi. Do, re, mi, basi.

Wakaimba. Loo!

Mi na fa ni majirani waliobanana mno. Ukiziimba pamoja, meno yanauma. Kuna mtu alikuwa kwenye fa, na kelele ilitoka upande wa mzee.

Tukarudia. Balaa lile lile. Uvumilivu ukaniishia, nikamwambia mzee mbele ya watu wote akapumzike nje, hesabu za muziki si za mbao.

Mzee akachukua kofia yake, akatoka. Mchumba wangu alinitazama kwa jicho baya, nikajua ndoa ndiyo hiyo imeota mbawa.

Tukaimba bila mzee.

Fa bado ipo.

Nikaanza kuwaimbisha mmoja mmoja. Zamu ya mchumba wangu ilipofika, akaachia fa safi, imenyooka kabisa.

Nikamuuliza kahesabuje. Kumbukeni huyu ni mpima ardhi.

"Do si ndipo tuliposimama? Kigingi unachoanzia ni sifuri. Re moja, mi mbili, fa tatu."

Kwaya nzima ikanigeukia. Nikinyamaza, nimemdhulumu mzee. Nikisema, nimekosa mke.

"Mpenzi, umekosea," nikasema. "Ngoja nikamwombe baba radhi."

Nilimkuta mzee hapo hapo mlangoni, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Nilimsikia tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka kuona kama kuna mwanamume wa kumwambia amekosea. Mimi na mama yake tulishasalimu amri. Muoe, mwanangu."

Tulioana, na mpaka leo mke wangu anashikilia kwamba muziki ndio uliokosea.

Funzo, wenzangu: kabla hujamtoa mkwe nje, mwimbishe kwanza umpendaye. Masikio yangu yalikuwa mazima siku ile, mapenzi ndiyo yaliyoyaziba.