Siku Niliyompasua Ngisi Darasani

Sisi tuliosoma kabla simu hazijaingia darasani tulijua mambo kwa kuyashika. Ukifundishwa chura, unamtafuta chura mwenyewe kwenye mtaro nyuma ya shule, unambeba kwa mkebe wa majani chai, na akikuponyoka ni shauri lako. Vijana wa leo wakiona chura wanampiga picha kwanza, halafu wanakimbia.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa Kawangware, nikitembea kila asubuhi kutoka kwetu Kisumu Ndogo, kule Kibera. Mama yangu aliuza samaki: omena kwenye karai, na ngege aliowapasua na kuwakaanga mbele ya wateja. Nilishika kisu chake kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Shuleni hakuna aliyejua. Kabla ya kutoka nyumbani nilisugua mikono kwa limau na jivu hadi ngozi ikawasha, kwa sababu msichana mmoja tuliyesoma naye aliitwa Omena hadi akahama shule. Niliapa jina hilo halitanipata.

Sasa, mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Mutisya, alikuwa mtu wa Kitui, na samaki alimjua zaidi kwa picha za kitabuni. Siku moja nduguye, mpishi wa hoteli Mombasa, akamtumia ngisi mmoja kwa basi, amefungwa kwa barafu na magazeti. Mwalimu alipommwaga mezani tulipanda juu ya madawati. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kitu kama kile: mwili laini wenye madoa ya zambarau, macho makubwa yasiyofumba, mikono minane, na minyiri miwili mirefu kuliko mikono yote.

"Wee! Hiyo ni juala ya plastiki imekufa," akasema kijana mmoja wa Kongo, mtaa wa pale pale Kawangware, na darasa likacheka.

Mwalimu alishika wembe kwa vidole viwili, akamgusa ngisi, akarudi nyuma. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mwishowe akauliza, "Nani hapa anajua kupasua samaki?"

Niliikalia mikono yangu. Lakini aliposhika wembe vibaya mara ya tatu niliumia kama mtu anayeona chakula kizuri kikimwagwa, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nilimpasua kwa mstari mmoja, kama ngege. Mwili ukafunguka kama koti. Mwalimu, sasa amepata ujasiri, akaanza kuonyesha kwa rula: matamvua mawili kama manyoya, moyo mdogo kwenye shina la kila tamvua, na mwingine wa tatu katikati. Mioyo mitatu! Kisha mdomo mgumu kama wa kasuku, umejificha katikati ya mikono. Hata yule kijana wa Kongo alishuka dawatini, akasogea karibu.

Halafu nikaona kifuko chembamba kinachong'aa. Mikono yangu ikajua hiyo ni nyongo. Mama aliniambia kila siku, "Toa nyongo kwanza, nyathina, mwanangu. Ikipasuka umeharibu samaki mzima." Nikakivuta kwa kucha, haraka, kama nilivyozoea. Kumbe ni kifuko cha wino! Uliruka hadi kwenye shati jeupe la mwalimu. Watu walicheka wakalia, na mwalimu naye akacheka, akatueleza kwamba hivyo ndivyo ngisi anavyowatoroka maadui. Kisha akaniuliza, amefurahi kwelikweli, "Nani alikufundisha kupasua hivi?"

"Nilisoma kwa kitabu, mwalimu."

Jioni mama aliona vidole vyangu vyeusi. Nikamweleza yote, akaacha kugeuza samaki. "Roho tatu? Na zote zinapiga?" Akafikiri kidogo. "Ulimwambia mwalimu ni mimi nilikufundisha?"

Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo kila mteja alisikia kwa mama kwamba bintiye alipasua samaki wa bahari, na kwamba alimtaja mama yake mbele ya darasa zima.

Siku ya wazazi alikuja na nguo yake ya kanisani, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mutisya. "Mwalimu, ni mimi ule mama wa samaki." Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alinitazama, akaitazama mikono ya mama, akaishika kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, asante sana," akasema. "Kazi yako tuliiona."

Hakuwahi kunigusia jambo hilo, hata siku moja.

Siku hizi binti yangu humpasua ngisi kwenye simu. Anagusa kwa kidole, mwili unafunguka, mioyo mitatu inapiga kwa rangi za kupendeza, hakuna harufu na hakuna anayechafuka. Majina ya viungo anayajua kuliko Mwalimu Mutisya. Namwonea wivu, na namhurumia. Mimi natamani lile darasa na harufu yake ya chumvi, natamani kusimama tena mbele ya wale watoto wote na kuulizwa lile swali la nani alinifundisha, mara moja tu.

Mama tulimzika kwao, kando ya ziwa. Wateja wake wa zamani walisafiri kutoka Kibera, wakapanga foleni kunipa pole. Mmoja baada ya mwingine walinishika mkono na kuniambia jinsi alivyojivunia kwamba nilimtaja mbele ya watu. Nikamwitikia kila mmoja kwamba ndiyo, nilimtaja.