Fomu Iliyofuliwa Shanwe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi pale Mpanda, Afisa Kazi wa Wilaya aliniweka mbele ya daftari pana kama sinia, akasema, "Bi Karani, kila aliyepunguzwa kazi ana mstari wake humu. Ukipoteza mstari, umempoteza mtu."

Hilo ndilo lilikuwa daftari la ufuatiliaji. Miaka hiyo ya tisini mashirika yalikuwa yakipunguza watu, na asiye na kazi hakuwa na malipo ya kila mwezi. Alikuwa na mafao ya mkupuo mmoja, tena mpaka ayadai kwa fomu. Nilinakili yote yaliyojazwa kwenye fomu, kisha nikaandika imepanda treni lini kwenda makao makuu, imejibiwa au imekwama. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Wenzangu walinitania kwamba nitaolewa na daftari.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, kupeana mikono kukawa kosa, nasi tukahudumia watu dirishani. Mzee Masanja, mpasua mbao wa kiwanda kilichofungwa, alikuwa bado hajaweka dole gumba kwenye fomu yake. Alikuwa Shanwe, katika shule iliyogeuzwa kambi ya wagonjwa, akimuuguza mkewe Nyamizi, na aliyeingia mle hakuruhusiwa kutoka. Treni ilikuwa inaondoka kesho yake mchana. Fomu ikiikosa, jalada lingefungwa, na mzee wa watu angeanza upya kabisa.

Nikaenda na fomu niliyokwisha kuijaza kwa kalamu ya wino. Pedi ya muhuri ilikuwa imekauka, nikachota wino mzito wa mafuta wa mashine ya kudurufu. Mzee akaweka dole akiwa upande wa pili wa kamba iliyozungushiwa kambi. Bwana afya hakutaka karatasi itoke hivi hivi.

"Chovya kwenye dawa, dada," akaamuru, akinionyesha ndoo ya maji ya klorini.

Nikachovya, tena kwa bidii, nikaitikisa kama nafua leso. Ilipokauka, maandishi yangu yote yalikuwa yameondoka. Yalibaki maneno ya kupigwa chapa na lile dole gumba, jeusi, zuri kabisa.

Nilipoirudisha ofisini, Afisa Kazi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mkali. "Dole bila maneno ni hatari. Mwenye nia mbaya anaweza kuandika lolote juu yake. Jaza upya kutoka kwenye daftari, halafu kesho asubuhi ukamsomee kwa sauti, watu wasikie, naye akubali. Na mimi nakuja."

Asubuhi tukasimama kwenye kamba. Nikapaza sauti: jina, kazi, miaka kumi na moja ya utumishi.

"Kumi na mbili, mwanangu!" Mzee akajibu kutoka barazani. "Mwaka wa kibarua umeuacha! Barua mnayo nyie kwenye jalada!"

Afisa Kazi akafungua jalada. Barua ilikuwemo, niliiruka mwenyewe. Niliona aibu, lakini kambi nzima ilikuwa ikicheka, hata bwana afya, nami nikacheka. Nikasahihisha, nikaendelea: "Mrithi, ni mkewe, Nyamizi."

"Ndiyo, ndiyo, maliza basi," Mzee akasema, akitazama pembeni.

Fomu ikapanda treni.

Baadaye nilihamishiwa Sumbawanga, kisha Tabora, nikastaafu nikiwa karani mkuu. Nimefanya kazi na mabosi wa kila aina. Vijana wa ofisi wakiniuliza nini kilinifurahisha zaidi katika miaka yote ile, sitaji cheo. Nawasimulia siku mafao ya Mzee Masanja yalipojibiwa. Wa kwanza kufika dirishani alikuwa Nyamizi, amekonda, anacheka.

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele kule kambini?"

"Ndiyo, mama. Utusamehe, ulikuwa unaumwa."

"Nilishakata tamaa, mwanangu. Hata kunywa dawa nilikataa. Miaka yote nilijua mrithi kamwandika mdogo wake wa Usevya. Mara nasikia jina langu linatajwa mbele ya serikali! Nikamwambia nesi, lete hayo maji ya chumvi, lete na kikombe kingine. Nife, halafu mume kama huyu nimwachie nani?"