Sauti Aliyomtumia Babu

Dada yangu ana miaka hamsini na minne, na kama kuna mtu ambaye serikali ingepaswa kumnyang'anya simu, ni yeye. Nasema hivi nikijua fika kwamba ndiye aliyemuuguza baba yetu kule Voi, mimi nikiwa huku Penrith, Australia, nikiwaosha wazee wa watu wengine. Kwa hilo namshukuru. Lakini siku baba alipofariki, kabla hajanipigia simu, alikuwa ameshaweka picha mtandaoni: baba kitandani, mdomo wazi, mipira ya oksijeni puani, na dada ameinama kando yake, kilemba kimekaa sawasawa, akiitazama kamera. Chini aliandika, "Nenda salama shujaa wangu." Watu walikuwa wameshajipanga hapo na nyuso zao za kulia. Nilisikia kinyaa mpaka nikailaza simu kifudifudi mezani, kana kwamba inanuka.

Angalau binti yangu hakuiona. Ana miaka kumi na minne, na serikali ya hapa ilipowafungia watoto wa chini ya miaka kumi na sita akaunti zao za mitandao, alilia siku mbili, nami nikafurahi bila kujificha. Nilikuwa nimechoka kumwona amewakodolea macho wasichana waliopakwa rangi kama sanamu za dukani, kisha anakwenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni na kutoka amenuna. Kilichobaki kwenye simu yake kilikuwa video za kutazama na zile programu za kutumiana ujumbe, ambazo sheria haikuzigusa. Na katika ujumbe, mtu wake mkuu alikuwa babu yake.

Baba naye simu ilikuwa imemrudishia watu. Tangu mama atangulie mpaka alipougua alikuwa anaishi peke yake, na kila asubuhi alinitumia picha ya ua jekundu lenye maneno "Amka na baraka." Baada ya ua ulikuja upuuzi. Maji ya ndimu yanayeyusha mawe ya figo. Sijui majani gani yanaponya kisukari. Mimi ni muuguzi, na nilikuwa nikisoma mambo hayo nikiwa nimevaa sare ya kazi, damu inanichemka.

"Baba, meza dawa za presha," nilimwambia.

"Nameza. Lakini huyu daktari wa kwenye video anasema vitunguu saumu vitatu vinatosha."

"Huyo si daktari."

"Amevaa koti jeupe, mwanangu."

Sijui alimeza dawa siku ngapi na vitunguu siku ngapi. Najua tu kilichomuua ni presha, na yule wa koti jeupe bado yuko, anaongea.

Ila kwa binti yangu baba hakutuma vitunguu. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, ila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa hapa. Niliwahi kumcheka mara moja mbele ya wageni alipojaribu, na tangu siku hiyo hakujaribu tena nami. Baba alikuwa na Kiingereza cha kumsalimia mwalimu mkuu tu. Basi mtoto akawa anafunga mlango wa chumba chake na kumrekodia babu sauti kwa Kiswahili, naye babu anajibu kwa sauti, anamwuliza amekula nini, kuna baridi kiasi gani, atakuja lini. Mimi nilisikia mnong'ono tu nikipita na kapu la nguo. Nilikuwa namwonea wivu baba yangu mwenyewe.

Habari ya kifo nilimpa mezani, baada ya shule. Hakulia mbele yangu. Alikwenda chumbani, akafunga mlango, na baada ya muda nikausikia ule mnong'ono. Sikumwuliza anaongea na nani.

Alikuwa anaongea na babu. Alirekodi sauti, akaituma kwenye namba ileile, akijua hakuna atakayeisikiliza. Hakujua kwamba simu ya baba anayo dada, anaitumia kupokea salamu za rambirambi. Dada akaisikiliza yote, halafu akaimwaga kwenye kundi la familia, watu zaidi ya mia, na maneno: "Msikieni mjukuu wa Australia anavyomlilia babu yake jamani."

Nilikuwa mapumzikoni kazini, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho na chakula changu mapajani. Nikaifungua.

"Babu, shikamoo. Ni mimi. Najua hunisikii. Ile siku uliponipigia, sikuwa shuleni. Nilikudanganya kwenye ujumbe. Nilikuwa nimelala kitandani natazama video, nikaona jina lako, nikaiacha iite. Nilisema moyoni nitakupigia baadaye. Babu, nisamehe. Usimwambie mama."

Nimeyaandika hapa kama nilivyokuja kuyasikia baadaye. Siku ile kwenye gari sikuyasikia. Nilisikia Kiswahili. Nilisikia "shikamoo" iliyotoka vizuri, nikasikia sentensi baada ya sentensi bila neno moja la Kiingereza, kutoka kwa mtoto ambaye nilikuwa nimewaambia watu kanisani kwamba amenishinda. Nikalia, nikaweka moyo mwekundu chini ya ujumbe wa dada. Halafu nikauchukua nikautuma kwenye kundi la akina mama wa kanisa, nikaandika, "Tusikate tamaa, watoto wetu wanaweza." Ilikuwa Jumatano. Jioni nilikuwa bado nahesabu vijipicha vya makofi walivyonitumia.

Jumapili tulikwenda ibada Minto, kwenye ukumbi tunaosali Wakenya na Wakongo pamoja. Baada ya ibada akina mama wakatuzunguka kutupa pole. Mama mmoja wa Bukavu, mtu mwema kabisa, anayefanya kazi ghalani na kutulea sote kama wadogo zake, alimshika binti yangu mashavu kwa mikono miwili.

"Mutoto yangu, unasema Kiswahili muzuri kabisa. Niliisikilizisha batoto bangu bote," akamwambia. "Usilie tena, unasikia? Ile simu si kitu. Babu alishakusamehe."

Binti yangu alisimama tu, mashavu bado mikononi mwa yule mama. Kisha akageuza macho akaniangalia. Akina mama wengine walikuwa wanatabasamu. Mmoja akasema mjukuu wake naye ameisikiliza mara tatu.

Tulipanda gari, tukashika njia ya Penrith. Nikaanza mimi, na naona aibu kuandika nilivyoanza.

"Ni Auntie yako," nikasema. "Unamjua alivyo. Hana adabu na simu."

"Auntie doesn't know that lady, Mum," akasema, akiangalia dirishani.

Kweli, dada hamjui yule mama; aliyemtumia ile sauti ni mimi. Ile picha ya baba na mipira puani, kile kilemba kilichonyooka, kila tusi nililomtukana dada moyoni, yote yakanirudia mwenyewe. Dada angalau alitaka watu waone msiba. Mimi nilitaka waone kwamba nimelea vizuri. Nilijichukia nikiwa nimeshika usukani, na bado najichukia ninapoandika.

Tulipofika nyumbani alisimama kwenye varanda bila kuvua viatu, akaninyooshea mkono kuelekea mkoba wangu ilimokuwa simu.

"Delete it," akasema.

Nikaitoa simu. Nilibonyeza ule ujumbe, nikatafuta sehemu ya kuufuta kwa wote. Haikuwepo. Tangu Jumatano muda wake ulikuwa umepita, na iliyobaki ni nafasi ya kuufuta kwangu peke yangu. Wote walibaki nao: akina mama, watoto wao, yule mjukuu wa mara tatu. Nikaufuta kwangu. Nafasi ile kwenye kioo changu ikawa tupu, na binti yangu, aliyekuwa anachungulia juu ya bega langu, akauona huo utupu.

"Imefutika?" akauliza. Kwa Kiswahili.

Nikamwambia ndiyo.