Muuza Kuni Asiyenadi

Ukame ulipomaliza mifugo yetu, miaka ile ya tisini, tuliingia Lodwar na mbuzi wachache waliobaki, tukalala nyuma ya maduka tukingoja mvua. Baba alizoea mvua ya kuchelewa. Hii haikuchelewa, haikuja kabisa. Tukasikia kwamba kwenye kambi ya Kakuma wakimbizi wana unga lakini hawana kuni, tukahamia huko.

Mbuzi mmoja alikuwa na mimba. Baba alisema huyo ndiye atakayeturudisha kwenye ufugaji, asiguswe. Mama akauza kuni kambini kwa unga, tukaishi, mpaka mwiba ulipomchoma na mguu ukavimba. Tukalala njaa. Asubuhi moja baba alimtazama yule mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Usipoleta unga leo, jioni namchinja."

Kwetu kuni ni mzigo wa wanawake. Kijana wa umri wangu hutembea na fimbo na kigoda chake. Nilijitwika mzigo nikapita ndani ya laga, mto mkavu, nikiamini hakuna mtu. Wasichana wote walikuwa humo wakichimba maji.

"Mama, mtoto umemwachia nani?" mmoja akauliza.

Nikaongeza mwendo. Mimi nina aibu tangu kuzaliwa. Shuleni mwalimu akiita jina langu niliinua mkono bila kutoa sauti, akaniandika mtoro. Mtu wa namna hiyo atapitaje kambini akinadi kuni? Nikaamua, na niliona ni akili nyingi, kusimama penye ua wa nyumba moja mpaka mwenyewe atoke anione. Nilisimama hadi jua likawa utosini.

Akatoka mama mrefu, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan.

"Wewe kijana, unauza kuni ama unalinda boma yangu?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Ni bubu?" jirani yake akauliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Sijui. Kuni nimepata asubuhi." Akarudi ndani.

Nilibaki pale nikifikiria kisu cha baba. Sasa, kwetu kila kijana ana dume lake la ng'ombe, na wimbo wa kulisifu. Mahali pekee nilipowahi kupaza sauti ni nyuma ya dume langu, nyikani, peke yetu wawili. Nikafumba macho nikaimba. Mikono ikapanda yenyewe kuiga pembe, kuni zikaanguka nyuma yangu, sikuacha. Wimbo unasema dume langu ni mlima na pembe zake zinakwaruza mawingu. Kusema kweli lilikuwa fupi, na pembe moja ilikatika likiwa ndama.

Nilipofumbua macho, nusu ya mtaa ilikuwa imesimama pale, hata wale wasichana wa laga walikuwa wamenifuata. Yule mama alikuwa mbele.

"Hiyo ng'ombe yako iko wapi?"

"Ilikufa na kiu."

"Sasa mbona unaimba yenye imekufa?"

"Sina wimbo mwingine."

Hakucheka mara moja. Alisema wanaume wa kwao pia huimba ng'ombe wao, na ng'ombe wa baba yake waliishia vitani. Kisha akaziangalia kuni zangu zilizotapakaa, na kicheko kikamshinda.

"Lakini kwetu hakuna mtu anaimba ng'ombe akiwa amebeba kuni!"

Alizichukua zote, ingawa alikuwa nazo nyingine, akanijazia unga kwenye kitambaa changu. Jirani akaniagiza nimletee zake kesho, ila nisimwimbie, ana mtoto mchanga anayelala.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, wale wasichana wana miguu mepesi. Baba alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, mbuzi amefungwa karibu naye. Alifungua kitambaa, akaonja unga kwa kidole.

"Ni kweli uliimba dume ukiwa na kuni kichwani?"

"Zilikuwa zimeshaanguka," nikajitetea.

Akamfungua mbuzi kamba.

"Kesho anza kuimba mapema," akasema. "Mkono wangu umechoka kunoa."